Bomba la Breki Kabla Halijaingia Motoni

(Mazungumzo na wanakisomo wa madarasa ya ufundi, wilaya za Tarime na Serengeti)



Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo chembamba ambacho wengi wetu tunakipita kila siku bila kukitazama. Ni bomba la breki. Ukisimama penye gereji yoyote kando ya barabara ya Sirari na Tarime, au ukifika Mugumu mahali wanapobomolea magari mabovu, utayaona mabomba haya yamelala chini pamoja na boliti na springi. Ni membamba kama penseli, na mengine ni membamba zaidi. Mwenye gereji huyahesabu kuwa ni vyuma chakavu. Huyauza kwa kilo, pengine humpa bure kijana anayemsaidia kufagia.

Lakini katika madarasa yetu tumeona kwamba bomba hili linafaa. Limetengenezwa kwa chuma kizuri. Linakunjika kwa mkono bila kuvunjika. Ni jepesi, na ukililehemu kwa shaba linashika vizuri. Mama mmoja ametengeneza kichanja cha kuanikia vikombe. Kijana ametengeneza kikapu cha mbele ya baiskeli. Wengine wametengeneza ndoano za kuning'iniza taa, kiti cha mtoto nyuma ya baiskeli, na kishikio cha mfuniko wa sufuria. Ni vitu vidogo, lakini dukani vina bei.

Basi kwa nini tunataka kuzungumza? Kwa sababu bomba hili lina mambo mawili yaliyojificha: yako yaliyo juu yake, na yako yaliyo ndani yake. Mtu akilitia motoni kabla hajayajua mambo hayo, anaweza kuugua, anaweza kuungua uso, na anaweza kuwaumiza watu ambao hata hawajui. Kulehemu kwenyewe si kazi ngumu. Kazi iko kwenye kuchagua na kutayarisha. Kwa hiyo leo tutakaa zaidi huko.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Bomba likishatoka kwenye gari halirudi tena kwenye breki. Wala bomba la breki lililotoboka au kukatika haliungwi kwa shaba likarudishwa garini. Hapa hakuna "lakini" wala "kwa leo tu".

Tuseme sababu. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, mafuta ndani ya bomba husukumwa kwa kani ya kilo 70 na zaidi kwa kila sentimita moja ya mraba. Hebu linganisha na tairi la gari dogo, ambalo hujazwa upepo wa kilo 2 hivi kwa eneo hilo hilo. Bomba jembamba kama penseli linabeba nguvu mara 30 na zaidi kuliko tairi! Kiungo cha shaba kilichofanywa kwenye mkaa chini ya mwembe kinaweza kushika siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu gari limejaa abiria na magunia ya mahindi, na barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu inateremka kuuelekea Mto Mara. Pale ndipo dereva anapokanyaga na mguu unakwenda mpaka chini. Tena moto wa kulehemu hulainisha chuma, na mabaki ya poda huweza kuziba tundu. Kwa hiyo mtu akija na bomba lake la breki akasema, "Fundi, nifungie hili nifike Musoma," mwambie hapana. Anunue bomba jipya.

Vilevile hakikisha bomba unalopewa limetoka kwenye gari lililokufa kweli. Tunasema hivi huku tunacheka, lakini bomba lililokatwa usiku kwenye gari la jirani ni wizi, na ni wizi wa hatari. Asubuhi mwenye gari ataliwasha bila kujua.

Jambo jingine linawahusu wazee wetu. Huku kwetu wapo wanaokunywa pombe ya asili kwa mirija mirefu, wameketi kuzunguka chungu. Bomba la breki ni refu, ni jembamba, lina tundu. Mtu anaweza kufikiri, kumbe mrija huu hapa, wa chuma, hautaoza! Tafadhali, wazee wetu, tusifanye hivyo. Mafuta ya breki ni sumu. Yanaharibu figo. Ndani ya bomba yanabaki hata baada ya kuoshwa, na juu yake kunaweza kuwa na risasi. Bomba hili halifai kwa mrija, wala kwa kitu chochote kinachogusa chakula au kinywaji. Kichanja cha vikombe kinafaa kikishasafishwa na kupakwa rangi. Kijiko au mrija, hapana.

Sasa tuje kwenye kuchagua.

Chukua sumaku. Kama huna, tafuta spika ya redio iliyokufa. Nyuma yake kuna sumaku nzuri. Iguse kwenye bomba. Ikishika, hilo ni bomba la chuma, na ndilo tunalolitaka. Isiposhika, basi bomba ni la madini mengine. Pengine ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Hilo lina rangi ya wekundu uliofifia, na bei yake kwa wanunuzi wa vyuma ni kubwa kuliko ya chuma. Liuze. Pengine ni aluminiamu, jepesi sana na jeupe. Hilo ukilitia kwenye moto wetu litayeyuka kabla shaba haijapata joto.

Baada ya sumaku, chukua kisu au tupa. Kwangua kidogo mahali pamoja, polepole, ukitazama rangi zinavyobadilika. Hapa bomba linakusomea habari zake lenyewe, kama ukurasa wa kitabu. Juu kabisa unaweza kukuta ngozi nyeusi au ya kijani. Hiyo ni rangi au plastiki. Chini yake utakuta weupe unaong'aa kidogo. Hiyo ni zinki, dawa ile ile inayopakwa kwenye mabati ya nyumba ili yasishike kutu. Ukiendelea, kwenye mabomba mengi utaona wekundu mwembamba sana. Hiyo ni shaba nyekundu. Chini ya hapo ndipo kuna chuma chenyewe, cha kijivu.

Shaba imefikaje kwenye bomba la chuma? Habari yake ni nzuri, tuisimulie. Katika miaka ya 1920 kule Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari, kiwanda cha bwana mmoja aitwaye Harry Bundy kilianza kutengeneza mabomba ya namna mpya. Walichukua ukanda mwembamba wa bati la chuma uliopakwa shaba, wakauviringisha mara mbili kama mtu anavyoviringisha tumbaku kwenye karatasi. Kisha waliupitisha kwenye tanuru. Shaba ikayeyuka, ikaingia katikati ya ile mikunjo miwili, ikaigandisha. Bomba likawa na kuta mbili zilizoshikana. Mpaka leo mabomba mengi ya breki yanatengenezwa kwa njia hiyo, na mafundi wa nchi nyingi bado huyaita kwa jina la Bundy.

Kwa hiyo bomba unaloshika limekwisha kulehemiwa kwa shaba kiwandani, kabla wewe hujalehemu. Jambo hili lina faida kwetu. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye joto la digrii 1,085. Kijiti cha shaba ya manjano tunachotumia sisi huyeyuka kwenye digrii 890 hivi. Basi tukienda na moto wa kiasi, kijiti chetu kinayeyuka na ile shaba ya kiwandani inatulia mahali pake. Moto ukizidi sana, ile ya ndani nayo inayeyuka, na bomba linaanza kufunguka mikunjo. Fundi asiyejua atasema bomba ni bovu, kumbe moto wake ndio mbovu.

Yapo pia mabomba ya zamani yaliyopakwa mchanganyiko wa risasi na bati. Haya rangi yake ni ya kijivu iliyofifia, na ngozi yake ni laini kwa kisu. Lisugue juu ya karatasi nyeupe. Likiacha mstari kama wa penseli, liweke kando. Risasi ikipashwa moto hutoa sumu, nayo huwadhuru zaidi watoto na mama wajawazito. Mabomba yako mengi. Hatuna haja ya kung'ang'ania hilo.

Kutu nayo tuiangalie. Kutu ya juu inayotoka kwa msasa si neno. Lakini kutu iliyochimba vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui, hiyo imekula ukuta. Na ukuta wa bomba hili ni mwembamba, kama milimita 0.7 tu. Likunje kidogo kwa mkono. Likitoa mlio wa kupasuka au likivunjika kama ukuni mkavu, litupe. Lielekeze juani uchungulie tundu, kama kipande ni kifupi na kimenyooka. Ukiona mwanga wa duara safi, vizuri. Ukiona giza, limezibwa, nalo tutalizungumza baadaye.

Mabomba mengi ya magari madogo yana unene wa milimita 4.75, yaani inchi tatu ya kumi na sita. Mengine yana milimita 6. Usichanganye unene kwenye kitu kimoja bila sababu. Andika kwenye daftari: urefu gani, unene gani, limetoka gari gani. Tumejifunza kusoma na kuandika ili tuitumie kalamu kazini. Mwaka 1968, mradi wa kisomo chenye manufaa ulipoanza katika mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo, nia yake ilikuwa hiyo hiyo: herufi ziende pamoja na jembe, nyavu na nyundo.

Sasa kusafisha. Na hapa, ndugu zetu, tusikimbie.

Watu wengi wakipata bomba lenye mafuta hulitia kwenye petroli au mafuta ya taa. Wanadhani mafuta huondolewa na mafuta. Lakini mafuta ya breki ya kawaida, yale yenye maandishi DOT 3 au DOT 4 kwenye kopo, si mafuta kama ya injini. Hayo huchanganyika na maji. Kwa hiyo dawa yake ni maji ya moto na sabuni. Mimina upande mmoja yatoke upande wa pili. Rudia mara tatu au nne. Kisha suuza kwa maji matupu, pulizia kwa pampu ya baiskeli, uliache juani mpaka likauke ndani. Usipulize kwa mdomo wako. Petroli kwanza haitayatoa vizuri, pili itabaki ndani ya bomba ikikungoja na moto wako.

Kuna makopo ya kupuliza yanayouzwa madukani kwa kusafishia breki. Hapo tunaomba msome kabla ya kununua. Geuza kopo, tafuta maandishi madogo ya vitu vilivyomo. Ukikuta neno refu la Kiingereza lenye herufi "chloro" ndani yake, kopo hilo lisikaribie kazi ya kulehemu kabisa. Dawa ya namna hiyo ikikutana na moto huweza kuzaa gesi iitwayo fosjini. Gesi hiyo ilitumiwa kama silaha ya kuulia askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kuanzia mwaka 1915. Kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu mapafu. Wala mtu hahisi mara moja. Anaweza kwenda nyumbani salama, na usiku akashindwa kupumua. Maji na sabuni havina mambo hayo.

Mabomba yakiwa bado kwenye gari bovu, karibu na magurudumu, utakuta vumbi jeusi la breki. Usilipulize wala usilifagie likiwa kavu. Breki za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta magonjwa ya mapafu, saratani ikiwamo, baada ya miaka mingi. Limwagie maji kwanza.

Plastiki ya juu isichomwe. Tunajua kwamba kuichoma ni haraka. Unatia motoni, inawaka, inaisha. Lakini plastiki nyingine zinazopakwa kwenye mabomba haya zikiungua hutoa moshi wenye tindikali kali, unaokula macho na koo. Ikwangue kwa kisu butu au kipande cha kioo. Bomba la mita moja utalimaliza kabla ya chai kuiva.

Sasa tufike kwenye zinki, maana hii ndiyo inayowaangusha mafundi wengi.

Zinki huyeyuka kwenye digrii 420, na hugeuka mvuke kwenye digrii 907. Moto wetu wa kulehemu unafika huko. Ule mvuke ukitoka hukutana na hewa ukawa moshi mweupe, na mwingine unaruka kama manyoya ya pamba. Fundi akiuvuta, mdomoni anasikia ladha tamu ya chuma. Wakati huo haumwi. Anafunga kazi, anarudi nyumbani. Baada ya saa chache, mara nyingi jioni au usiku, anaanza kutetemeka kwa baridi. Homa inapanda. Kichwa kinauma, viungo vinauma, kifua kinabana. Mkewe anasema, "Baba fulani ana malaria." Anapewa vidonge vya malaria vilivyobaki kabatini. Kesho au keshokutwa anapona. Basi wote wanaamini kwamba vidonge vimefanya kazi, kumbe ni homa ya moshi wa zinki, ambayo kwa kawaida huisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Wiki inayofuata analehemu tena, anatetemeka tena, anameza tena.

Hatusemi kwamba kila homa ya fundi ni zinki. Hapana! Mkoa wetu una malaria, na malaria inaua. Mtu akipata homa aende zahanati apimwe damu. Tunachosema ni kwamba amwambie mganga kazi aliyoifanya mchana ule. "Daktari, leo nilikuwa nalehemu vyuma." Maneno hayo machache yanaweza kumzuia asimeze dawa isiyomhusu. Na kama pumzi inakuwa nzito zaidi badala ya kupungua, arudi haraka, asingoje asubuhi.

Hapo wengine watasema, "Sisi tunakunywa maziwa." Tunajua. Kila gereji utaambiwa kwamba fundi akinywa nusu lita ya maziwa kabla ya kuchomelea, moshi haumdhuru. Huku kwetu kwenye ng'ombe wengi imani hiyo ni rahisi kuifuata, na maziwa ni chakula kizuri, endeleeni kunywa. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, na moshi unakwenda kwenye mapafu. Hawakutani. Kinga ni kuiondoa zinki kabla ya moto, na kufanya kazi nje upepo ukikupiga ubavuni, ili moshi usipite usoni pako.

Kuiondoa ni hivi. Pima upana wa vidole vitatu kutoka mahali pa kiungo, kila upande. Sugua kwa msasa au tupa laini mpaka weupe wote utoke, ukute wekundu wa shaba au kijivu cha chuma. Shaba nyekundu iache, haina ubaya. Kwa nini vidole vitatu? Kwa sababu joto linasafiri ndani ya chuma. Ukisafisha kidogo tu, zinki ya jirani nayo itaanza kutoa moshi. Mwenye subira anaweza kuzitumbukiza ncha za bomba kwenye siki au maji ya ndimu usiku mzima, ndani ya chombo kilicho wazi, mahali penye hewa. Utaona vipovu vidogo vikipanda. Hiyo ni tindikali ikila zinki. Asubuhi suuza kwa maji, kausha, na usugue. Maji ya betri yana nguvu zaidi na yanafanya haraka, lakini yanatoboa nguo na kupofusha macho. Sisi hatuyashauri.

Msasa ukishapita, usishike tena pale mahali kwa vidole. Jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuifanya shaba ikatae kushika. Jino la msasa nalo lisiwe laini sana. Mikwaruzo midogo humsaidia fundi, shaba hupenda kupita humo.

Kukata kunahitaji mkono mtulivu. Usikate kwa koleo. Koleo linalibana bomba, tundu linakuwa kama jicho la mtu mwenye usingizi. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, meno 32 kwa inchi. Ukilifunga kwenye jiliwa, lifunge katikati ya vipande viwili vya mti ili lisibonyee. Ukimaliza, toa makapi ya ndani na nje kwa tupa.

Kama kipande kimoja kinagonga ubavu wa kingine, chonga ncha yake kwa tupa ya duara mpaka iwe na mdomo wa samaki, ikumbatie lile la pili. Kisha vijaribu. Nafasi kati ya vipande viwili iwe ndogo, kama unene wa karatasi moja. Unaweza kutumia ukingo wa gazeti hili hili, ukishamaliza kulisoma. Karatasi ikipita kwa shida, hapo ni pazuri. Nafasi ndogo namna hiyo huivuta shaba yenyewe, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa kwenye kibatari. Ukiacha nafasi kubwa, utaijaza shaba nyingi, na shaba ni ghali, na kiungo bado ni dhaifu.

Kukunja, likunje likiwa baridi, kuzunguka mti wa mviringo au bomba la maji. Kaza polepole, sogeza dole gumba kidogo kidogo. Kama unataka kona kali, jaza mchanga mkavu kabisa ndani, ukunje, kisha uutoe wote.

Hapa ndipo tunarudi kwenye lile bomba lililozibwa. Sikilizeni vizuri. Maji yakigeuka mvuke huongezeka kiasi cha mara 1,600. Tone moja lililobaki ndani ya bomba lililozibwa pande zote mbili linaweza kulipasua kama risasi likipata moto. Hata hewa tupu ikipashwa moto inasukuma. Inaweza kukurushia shaba iliyoyeyuka usoni. Kwa hiyo bomba lolote litakaloingia motoni liwe na mlango wa kupumulia. Kama kazi yako itafunga ncha zote mbili, toboa tundu dogo upande usioonekana. Litaziba baadaye kwa rangi. Na bomba usilojua kilicholiziba, likate mbele ya mahali palipozibwa. Usijaribu kulifungua kwa moto.

Kuhusu moto wenyewe hatutasema mengi, kwa sababu hujifunzi moto kwa kusoma. Unajifunza ukiwa umesimama pembeni ya mtu anayejua. Wenye mitungi ya gesi wana njia yao. Wenye mkaa na mivukuto nao wanaweza. Mkaa mzuri ukipulizwa unafika joto tunalotaka na kupita. Ng'ambo ya Ziwa, kule Buhaya, wazee walikuwa wakiyeyusha chuma chenyewe kwa mkaa na mivukuto miaka mingi kabla ya meli ya kwanza ya Mzungu kuonekana Ziwani.

Paka poda ya boraksi iliyochanganywa na maji kidogo kama uji mzito. Funga vipande kwa waya visiteleze. Pasha bomba, usipashe kijiti. Boraksi itaumuka nyeupe, halafu italala na kung'aa kama kioo. Bomba likiwa jekundu, ukilitazama kivulini, gusa kwa kijiti. Bomba lenyewe ndilo linalopaswa kukiyeyusha. Shaba itakimbilia kwenye joto. Ukiona moshi mweupe unatoka kwenye kijiti, moto umezidi, maana shaba ya manjano nayo ina zinki ndani yake. Ondoa moto, pumua pembeni, anza tena. Na vijiti vya zamani vyenye fedha mtu anavyokupa bila pakiti yake, usivitumie. Vingine vina kadimi, na moshi wa kadimi unaua.

Acha kiungo kipoe chenyewe, usikitumbukize majini kingali chekundu. Kikipoa, mwagia maji ya moto sana usugue kwa brashi ya waya mpaka ile boraksi iliyokuwa kioo itoke yote. Watu wengi wanaiacha kwa sababu inang'aa vizuri. Lakini inavuta unyevu, na chini yake kutu inakula. Kisha paka rangi siku hiyo hiyo, kwa sababu umekwisha kuivua zinki, na mahali pale sasa pako uchi. Mvua za masika hazitakusubiri.

Katika darasa la Mugumu kijana mmoja alituuliza swali ambalo tunadhani na wengine wanalo. Je, mabomba ya dizeli, yale yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli, nayo yanafaa?

Yanafaa kwa kazi nyingine. Ukuta wake ni mnene na tundu lake ni dogo sana, kwa hiyo ni mazito na hayakunjiki kwa urahisi. Kwa ndoano ya kubeba mzigo ni mazuri kuliko ya breki. Lakini usafishaji wake ni tofauti. Dizeli haichanganyiki na maji matupu, kwa hiyo sabuni iwe nyingi na maji yawe ya moto sana, tena tundu lile dogo linahitaji kusukumwa kwa waya mwembamba toka upande huu mpaka ule. Yale mabomba ya petroli, yanayotoka kwenye tangi, hayo mwachie mnunuzi wa vyuma chakavu. Mvuke wa petroli unajificha kwenye kona za bomba kwa muda mrefu, na pua ya mtu huzoea harufu yake mpaka haiisikii tena.

Wanaotaka kusimama pembeni ya mtu anayejua, waulizie mafunzo ya uchomeleaji katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tarime, au wafike SIDO Musoma waulize. Mkienda, chukueni kipande cha bomba mlichokisafisha wenyewe, na daftari.